Mwanafunzi ana A darasani, mteja akikaa mbele yake maswali yanaisha. Tatizo ni nini hasa?

#1 Jalada Kijani

Wakuu, salaam.

Naleta hoja ichambuliwe. Mwanafunzi wa sheria wa mwaka wa mwisho anaeleza masharti ya mkataba halali bila kusita, na kesi anazitaja. Mkalishe na mtu aliyefukuzwa kazi. Dakika ya pili ameshaamua moyoni kuwa hili ni shauri la kuachishwa kazi isivyo halali, na kuanzia hapo anauliza yale tu yanayojaza vigezo vya madai hayo. Dakika ya kumi hana swali tena. Mteja anaondoka bila kuulizwa barua aliipokea lini, wala anataka nini. Wapo wasiotaka kurudi kazini wala fidia. Wanataka cheti cha utumishi tu ili waombe kazi kwingine.

Maelezo yangu ni haya: hukumu tunazosomesha huja na ukweli uliokwisha kuchujwa. Jaji wa rufaa ameshachagua lipi lina uzito na lipi liachwe, kwa hiyo mwanafunzi anamaliza miaka yake bila kukutana na ukweli mbichi. Mfumo huu wa kusoma kesi tuliachiwa na Langdell wa Harvard tangu 1870, mtu ambaye hata uwakili hakuwahi kuufanya. Dawa ni kliniki ya sheria, mteja halisi chini ya wakili msimamizi, na iwe lazima kwa kila mwanafunzi. Anayeona tofauti aseme.

#2 Dodoso

Mleta mada, dalili umeieleza sawasawa ila chanzo umekikosa. Huyo mwanafunzi hajafundishwa kufanya mahojiano, basi. Mahojiano yana mpangilio, na Binder na Price waliuweka kwenye maandishi tangu 1977: kwanza mteja aeleze tatizo lake na anachokitaka, pili mwende naye tukio kwa tukio tangu mwanzo hadi leo, tatu ndipo uanze kupima hoja za kisheria. Anayeanzia hatua ya tatu ndiye anayeishiwa.

Kwa saa moja gawa hivi: dakika 10, 25, 15, kisha 10 za kufunga. Swali la kwanza liwe moja na liwe wazi, "Nieleze kilichokuleta." Usimkatize hata akichanganya tarehe. Akinyamaza, nawe nyamaza kidogo, maana jambo zito mara nyingi hutoka baada ya kimya. Hatua ya pili swali lako kuu ni "kisha ikawaje?", na kila tukio ulipe tarehe, nani alikuwepo, na karatasi gani iliandikwa. Maswali ya ndiyo na hapana yasubiri hatua ya tatu. Zile dakika za kufunga si za ushauri. Ni za kukubaliana nani atafanya nini na kufikia lini.

Hayo yote yanafundishika bila mteja halisi hata mmoja.

#3 Bi Masjala

Dodoso, kabla ya hiyo saa yako kuna kazi ya mezani inayorukwa kila siku. Mteja anapoomba miadi chukua majina tu, lake na la upande wa pili, na aina ya tatizo kwa maneno machache. Pitia rejista. Ukisikiliza habari yote ndipo ugundue kuwa upande wa pili alikuwa mteja wa kliniki muhula uliopita, tayari una siri za pande mbili mkononi na huenda ukalazimika kuwaacha wote.

Siku ya mahojiano mwanafunzi aseme yeye ni mwanafunzi, amtaje wakili anayemsimamia, aeleze usiri na mipaka yake, na aweke wazi kuwa leo hatoi ushauri. Wakae wawili, mmoja anauliza na mwingine anaandika. Anayeandika apewe dakika tano za mwisho aulize, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anaona mapengo.

Kumbukumbu ichapwe ndani ya saa 24, katika safu tatu: alichosema mteja, kinachoonekana kwenye nyaraka, na kisichothibitishwa bado. Yasipotenganishwa hayo, baada ya wiki tatu mtu anaandaa hati ya kiapo na kuingiza maneno ya jirani kana kwamba mteja aliyaona kwa macho yake.

#4 Kumbukumbu za Nyuma

Marekebisho kwa #1. Langdell alikuwa wakili New York tangu 1854 hadi alipoitwa Harvard 1870. Aliyeushambulia sana mfumo huo wa kujifunzia sheria maktabani ni Jerome Frank, katika makala yake ya 1933 iliyodai shule za sheria ziwe na kliniki kama za utabibu.

Hata Frank hakuwa wa kwanza. Urusi mwaka 1901 Lyublinsky aliandika kuwa sheria ifundishwe kama udaktari, wanafunzi wakutane na watu wenye shida. John Bradway akafungua kliniki chuo cha Duke mwaka 1931. Halafu? Miaka mingi ikapita zikiwa chache. Kilichozieneza Marekani ni fedha ya Wakfu wa Ford iliyopitia CLEPR, baraza la kugawa ruzuku za kliniki za sheria, chini ya William Pincus kuanzia 1968.

Ndiyo maana siafikiani na #1 wala #2. Hoja ya kitaaluma ilikuwa mezani kwa miongo, na kliniki zilisubiri mlipaji. Mwanafunzi wenu anakwama kwa sababu chuo hakijataka kulipia saa za kumsimamia. Mbinu za mahojiano zinajulikana.

#5 Kalamu Nyekundu

#4 umegusa penyewe, ngoja niweke hesabu.

Wanafunzi 8 ni jozi 4. Kila jozi ina majalada 3. Kikao cha usimamizi saa 1 kwa jozi kwa wiki, jumla saa 4. Kila jalada linatoa walau rasimu moja kwa wiki, na kuisoma na kuiwekea maoni ni dakika 20, jumla saa 4 nyingine. Kukaa kwenye mahojiano, saa 2. Semina na maandalizi yake, saa 4. Hizo ni saa 14 kila wiki, na bado hujaenda mahakamani.

Sasa mpe mtu huyohuyo wanafunzi 30. Jozi 15, vikao saa 15, rasimu saa 15. Saa 30 kabla ya semina na mahojiano. Kinachofuata kila mtu anakijua: msimamizi anaacha kutoa maoni, anaandika barua upya yeye mwenyewe saa tano usiku kwa sababu mteja anasubiri. Mwanafunzi anaona barua nzuri imetoka na jina lake lipo. Hajui kwa nini aya ya pili ilihamishwa.

Rasimu ya kwanza iwekewe maoni ya mpangilio tu: barua inajibu swali la mteja au inajibu la mtihani? Ya pili, ushahidi na sheria. Ya tatu, lugha. Ukimwaga wino mwekundu kwenye yote mara moja, atasahihisha nukta na kuacha hoja mbovu ilivyo.

#6 Mteja wa Mfano

Naunga mkono sehemu ya #2. Njia ya wateja wa mfano haisemwi vya kutosha. Unawafunza watu wa kawaida, wasio wanasheria, wajifunze kisa kimoja, wajue lipi waseme bila kuulizwa na lipi waseme wakiulizwa tu, kisha wampime mwanafunzi kwa orodha ileile: alinisikiliza? nilielewa kitakachofuata? ningemrudia? Strathclyde kule Uskoti waliifanyia kazi njia hii na Cunningham na wenzake wakachapisha matokeo 2006: tathmini ya wateja hao ililingana vya kutosha na ya walimu kiasi cha kuaminika kwenye mtihani.

Faida yake ni usawa. Kliniki halisi inampa huyu jalada la mirathi tulivu na yule mgogoro wa nyumba wenye watu saba, halafu mnawapa alama kwa kipimo kimoja. Hapo haki iko wapi?

#7 Jalada Kijani

#4 nashukuru kwa marekebisho ya Langdell, nimeyapokea.

#6 hapana. Mteja wa mfano ana ukweli wenye mwisho, kuna ukurasa ulioandikwa na mtu, na mwanafunzi analijua hilo anapoingia mlangoni. Anatafuta kilichofichwa na mtunzi. Mteja halisi hana mtunzi. Anaweza kuwa amesahau, amekosea tarehe, anaona aibu, au karatasi muhimu imo kwenye mfuko wake na yeye anadhani ni risiti tu. Kazi ya wakili ni kufanya uamuzi huku ukweli haujakamilika, na hilo haliigizwi.

#8 Dodoso

Daktari wa upasuaji haanzi kujifunza kukata kwa mgonjwa aliye hai, mkuu. Wiki nne za kuigiza, ndipo mteja. Mbona unataka mteja maskini awe ubao wa kuandikia?

#9 Ukomo

Mnabishana juu ya ukumbi na jalada linakufa kabatini. Tatizo la mwanafunzi wa #1 ambalo lina madhara yasiyorudi nyuma ni moja: hakuuliza tarehe. Maswali mengine yanaulizwa kesho kwa simu. Ukomo wa muda wa kufungua shauri ukipita, umepita, na maombi ya kuongezewa muda yanahitaji sababu ya msingi ambayo "kliniki ilikuwa likizo" haimo.

Utaratibu unaofaa: siku ya mahojiano ya kwanza, kabla mteja hajaondoka, andikeni kwenye jalada kwa nje tarehe mbili. Ya kwanza ni siku ya mwisho kisheria, na chini yake kifungu kilichotumika kuihesabu na tukio lililoanzisha hesabu. Ya pili ni siku yenu ya ndani, siku 14 kabla. Msimamizi aihesabu mwenyewe bila kuangalia ya mwanafunzi, kisha walinganishe. Zikitofautiana, mara nyingi wamegombana juu ya lini saa ilianza kukimbia: siku ya barua kuandikwa, siku ya kupokelewa, au siku ya uamuzi wa rufaa ya ndani ya kazini. Hapo umepata somo la sheria ya ukomo ambalo hakuna mhadhara utakaolishinda.

Kalenda iwe moja ya kliniki nzima. Mwanafunzi akihama na simu yake amehama na tarehe.

#10 Bi Masjala

#9 pokea maua yako. Ongeza na mtu wa pili wa kuangalia kalenda hiyo kila Jumatatu asubuhi, asiwe mwenye jalada.

#11 Benchi la Mbele

Naomba niingie na maelezo mengine, maana naona bajeti, mbinu na ukomo vimesemwa ila alama hazijasemwa. Mwanafunzi anafanya kile kinachompa alama. Darasani alama iko kwenye kutambua hoja haraka, na #1 umesema mwenyewe: dakika ya pili ameshatambua hoja. Amefanya alichofunzwa kwa ufanisi mkubwa! Halafu anaingia kliniki, na huko anapimwa kwa nini? Vyuo vingi ni "amefaulu, hajafaulu" au ripoti ya kurasa tano mwisho wa muhula. Ile ripoti ya tafakuri imejaa "nimejifunza kuwa mvumilivu na kumheshimu mteja". Anaandika anachodhani mwalimu anataka kusoma.

Badilisha swali. Aeleze uamuzi mmoja alioufanya kwenye jalada, njia mbili nyingine zilizokuwepo, kilichomfanya achague ile, na ni ukweli gani ungejitokeza ambao ungembadilisha. Kurasa mbili zinatosha. Hapo huwezi kujificha nyuma ya hisia. Mpango wa mahojiano nao uletwe kwa maandishi kabla: lengo, asichokijua, na kitu gani kikisemwa kitavunja nadharia yake ya awali. Upimwe mpango, upimwe utekelezaji, ipimwe tafakuri. Matokeo ya shauri yasipimwe kabisa. Mteja anaweza kushinda kwa sababu upande wa pili hawakutokea.

#12 Kalamu Nyekundu

#11 nakubali ila kuna hatari. Ukimpa alama kwa kila neno alilosema mbele ya mteja, atakuwa anamtazama msimamizi na kumsahau mteja. Msimamizi akikaa chumbani awe kimya, aingilie kwa mambo matatu tu: ushauri usio sahihi umetolewa, muda wa kisheria unahatarishwa, au siri inavuja. Swali lililosahaulika litasubiri mapumziko. Na baada ya mahojiano mwanafunzi aanze kusema yeye, ndipo msimamizi.

#13 Dodoso

Kwenye kutoa maoni kuna njia ya hatua nne ya wakufunzi wa NITA, wale wa mafunzo ya utetezi mahakamani, ambayo inafaa hata kliniki. Taja jambo moja tu. Rudia maneno yake kamili kama yalivyotoka. Onyesha namna nyingine ya kulifanya. Eleza kwa nini ni bora.

Wengi huruka ya pili, na ndiyo yenye nguvu. Ukimwambia "maswali yako ya dodoso yalikuwa marefu", yaani yale ya kumhoji shahidi wa upande wa pili, atabisha. Ukimsomea: "Je, siku hiyo ulikuwa pale dukani na ulimwona mshtakiwa akiingia na hukuita mtu, kwa nini?" anasikia mwenyewe. Mambo matatu yako ndani ya swali moja, shahidi atajibu analolitaka, na ile "kwa nini" imempa jukwaa la kujieleza. Yavunje: ulikuwa dukani. Ulimwona akiingia. Hukuita mtu. Kaa chini.

Lakini inabidi msimamizi awe ameandika neno kwa neno, na hilo haliwezekani ukiwa na wanafunzi thelathini, kwa hiyo #5 ananishinda hapo.

#14 Mteja wa Mfano

Leo Dodoso amekubali kushindwa, uzi huu uhifadhiwe.

#15 Mlango wa Mahakama

Mnazungumza kana kwamba kila mahali mwanafunzi anaruhusiwa kusimama mahakamani. Marekani Chama cha Mawakili kilitoa kanuni ya mfano 1969, na Jaji Brennan katika shauri la Argersinger la 1972 akawataja wanafunzi wa sheria kama sehemu ya jibu la uhaba wa mawakili wa washtakiwa maskini. Nchi nyingine mlango huo umefungwa. Huko kliniki inafanya kila kitu hadi kizingitini: barua, hati ya madai, maelezo ya mashahidi, maandalizi ya mteja, usuluhishi.

Hata ulipofunguliwa unaweza kufungwa. Kliniki ya mazingira ya Tulane iliwawakilisha wakazi wa Convent, Louisiana, waliopinga kiwanda cha plastiki cha Shintech. Wafanyabiashara na gavana wakakasirika, na mwaka 1998 Mahakama ya Juu ya jimbo ikabana kanuni ya wanafunzi: vigezo vya kipato vikawa vikali, vikundi vya wananchi vikawa vigumu kuwakilishwa. Baada ya hapo mkuu wa kliniki yoyote anajiuliza mara mbili kabla ya kupokea jalada lenye adui mkubwa. Wanafunzi wanabaki na majalada mepesi, na jalada jepesi halimlazimishi mtu kuuliza maswali ya kina. Hilo nalo liwekwe kwenye orodha ya sababu.

#16 Jalada Kijani

#15 hapo sikubaliani na neno jepesi. Ombi la mirathi isiyo na ugomvi linaanza na kufika mwisho ndani ya muhula katika mazingira mengi, na mwanafunzi anaona mwanzo, katikati na mwisho. Shauri kubwa la miaka mitano anaona kipande tu, tena huenda ni kipande cha kupanga vielelezo.

#17 Mlango wa Mahakama

Innocence Project, mradi wa kuwatetea waliofungwa bila hatia, ilianza kama kliniki ya shule ya sheria ya Cardozo mwaka 1992, Scheck na Neufeld, na majalada ya vinasaba hayamalizwi na kundi moja la wanafunzi. Mbona yanafundisha? Kusoma mwenendo wa shauri la zamani ukitafuta kielelezo kilihifadhiwa wapi na nani alikigusa ni shule kamili ya ushahidi.

#18 Msomaji Mpya

Habari zenu. Samahani natoka nje kidogo: wanafunzi watumie programu za akili bandia kuandaa rasimu za kliniki?

#19 Kalamu Nyekundu

Maelezo ya mteja yasiingizwe kwenye programu ya umma, hilo ni suala la usiri na halina mjadala. Utafiti: kila kesi ifunguliwe na kusomwa kwenye chanzo chake. New York mwaka 2023 mawakili walitozwa faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha hukumu ambazo hazikuwahi kuwepo, zimetungwa na programu. Hao walikuwa na leseni tayari.

#20 Benchi la Mbele

Turudi. Wanaosema "iwe lazima" kama #1: India Baraza la Mawakili liliweka masomo manne ya vitendo kuwa ya lazima mwaka 1997. Marekani sharti la sasa ni krediti sita za vitendo, ila kuigiza kunahesabika, si lazima mteja halisi. Ripoti ya MacCrate ya 1992, ya Chama cha Mawakili cha Marekani, iliorodhesha stadi kumi na maadili manne ya uwakili. Masharti na orodha havijakosekana. Nani anasimamia, na ana wanafunzi wangapi? Jibuni hilo kwanza.

#21 Kumbukumbu za Nyuma

Ndiyo kauli yangu ya #4 hiyo, umeivalisha suti.

#22 Ukomo

Kabla watu hawajasambaa, mwisho wa muhula. Hapa ndipo majalada mengi hupotea. Ukurasa mmoja wa makabidhiano: shauri limefikia wapi, tarehe ijayo, siku ya mwisho kisheria, mteja aliahidiwa nini na nani, nyaraka halisi ziko wapi, na jambo gani mwandishi analijua ambalo halimo kwenye jalada. Hilo la mwisho lilazimishwe kujazwa, hata kama ni "mteja hapokei simu mchana, yuko zamu". Kisha kikao cha dakika 20 cha watu watatu, anayetoka, anayeingia na mteja mwenyewe.

#23 Mteja wa Mfano

Na likizo yenyewe? Ukurasa umejazwa, wanafunzi wapya hawajafika, wito wa mahakama unaingia.

#24 Bi Masjala

Anwani ya kupokelea nyaraka iwe ya kliniki, kamwe isiwe ya mwanafunzi. Wito ukifika unagongwa muhuri wa tarehe, unaingia kwenye rejista siku hiyohiyo, na wakili msimamizi anapigiwa simu kabla ya jioni. Jina lake ndilo liko mahakamani. Mteja apewe barua kabla ya likizo yenye jina la wakili huyo na tarehe ijayo, asaini nakala moja ibaki jaladani.